Kadi Yenye Uso wa Mtu Mwingine

Jumatatu, 2 Februari 2015

Kwa daftari hili, ambalo halina msomaji mwingine ila mwandishi wake: salamu, pamoja na heshima zinazostahili.

Mimi, Clement Hruska, mkazi wa Johnstown katika jimbo la Pennsylvania, mwenye umri wa miaka sabini, fundi mstaafu wa mabehewa ya reli, ninafungua kurasa hizi kwa kusudi moja. Kusudi lenyewe ni kuhifadhi mwenendo wa ombi langu kwa kampuni ya kadi za besiboli, zile picha ndogo za wachezaji zinazouzwa kwa pakiti na kukusanywa, kuhusu uso wa marehemu kaka yangu Leonard. Ombi limeondoka leo saa nne asubuhi kwa barua ya rejista. Kurasa tatu. Hakuna neno lililofutwa.

Nieleze hali ilivyo, kama ambavyo ningelieleza baraza la mji. Leonard alikuwa mtupaji. Mwaka 1964 alitupa mpira katika mechi tisa za ligi kuu, kisha bega likaharibika, akarudi nyumbani kufanya kazi katika kiwanda cha chuma. Mwaka 1965 kampuni ilimtolea kadi, namba 412. Ndiyo kadi yake pekee. Jina ni lake. Urefu ni wake, uzito ni wake, mji uliotajwa nyuma ni huu wetu. Uso ni wa Ray Tolliver.

Tolliver alikuwa mwenzake wa chumba katika kambi ya mazoezi. Yeye hakupata kutolewa kadi hata moja — alishushwa daraja kabla ya kadi kuchapishwa, na ligi kuu hakuiona tena.

Mafuriko ya Julai 1977 yalimchukua Leonard pamoja na kabati la picha, siku moja. Limebaki gazeti moja maktabani, lenye kijana aliye mbali, uso wake ni nukta nyeusi chini ya kofia. Ukiiuliza kompyuta ya maktaba habari za Leonard Hruska, inakuletea Tolliver. Mara ishirini, mara thelathini. Tolliver tu.

Mwaka huu kampuni inatoa seti iliyojengwa juu ya muundo wa 1965. Hufanya hivyo kila mwaka: hurudi nyuma nusu karne, huchukua fremu ileile, herufi zilezile, hata karatasi ileile nzito ya kijivu, na kuwatia humo vijana wa leo. Wazee wachache wa seti ya zamani nao hutolewa upya kwa heshima. Nimeomba Leonard awe miongoni mwao, kwa uso wake mwenyewe, kutoka katika ghala lao la picha.

Niliomba taa ya barabarani pale njia panda kwa miaka sita, nikapewa. Uso wa mtu hauwezi kuwa jambo kubwa kuliko taa.

Kuna jambo moja sikuliandika katika ombi. Nimeona si la lazima.


Jumamosi, 7 Februari

Nimekwenda kwenye duka la kadi la Bi. Shawna Brandt, lililo ndani ya iliyokuwa benki. Aliponiona mlangoni aliwaambia wateja wakae sawa, mzee wa maombi amefika, kisha akaniuliza leo tunamshtaki nani. Nilimjibu kwamba ombi si shtaka. Akasema anajua, anajua, na akavuta kiti.

Alifungua pakiti moja ya seti mpya kwa ajili ya kunielimisha. Nakiri kwamba kazi ni nzuri. Kibendera pembeni, kona za mviringo, rangi zilizofifia kidogo kama zilizoachwa dirishani. Kijana wa mwaka jana tu, na ungeapa kwamba mama yake alizaliwa baada yake.

Nyuma ya kadi ya mwisho palikuwa na doa. Refu, la rangi ya hudhurungi. Nilimwambia kwa upole kwamba ameuziwa mali yenye kasoro.

"Hilo doa wamelichapisha, mzee wangu. Makusudi kabisa."

Kumbe! Zamani kila pakiti ilikuwa na kipande cha chingamu, na chingamu iliichafua kadi iliyolala juu yake. Siku hizi chingamu haimo. Kwa hiyo wanachora doa kwa mashine, kwenye kadi chache tu, na watu wanazitafuta hizo kuliko zilizo safi. Nililikwaruza kwa ukucha. Halitoki. Bi. Shawna alicheka, akasema kila anayeingia hapa hulikwaruza.

Nilirudi nyumbani kwa miguu katika theluji. Moyo mzito, na sababu sikuiona mara moja. Naiona sasa ninapoandika. Watu wanaonakili doa watafanya nini na kosa?


Jumatano, 18 Februari

Jumatano ya Majivu. Baada ya kanisa nilimtembelea dada yangu Dolores katika nyumba ya wazee, kule mlimani Westmont. Ana miaka sabini na sita. Kuna siku yumo, na kuna siku ameondoka na kuacha koti kitini. Leo alikuwa nusu kwa nusu.

Kadi namba 412 imo katika kitabu chake cha sala. Ni ileile ya mama. Mama alikuwa ameichomeka kwenye fremu ya kioo, na maji yalipokuja yeye alikuwa amekwenda Altoona kwa shangazi na kadi imo mkobani. Ndivyo ilivyookoka. Picha zote za kweli zilikwenda na maji, ikabaki ya uongo.

Nilinyosha mkono kuitazama. Dolores akaivuta kifuani.

"Usimshike Leonard kwa vidole vyenye majivu."

Nikaenda kunawa. Niliporudi alikuwa anaipangusa kwa ncha ya leso, polepole, kwenye shavu la Tolliver.

Zamani alijua. Mwaka 1965 alikuwa wa kwanza kupiga kelele kwamba huyu siye. Lini aliacha kujua, sikumbuki. Na sina haki ya kumcheka. Asubuhi ya leo kanisani nilifumba macho nimtafute Leonard ili nimwombee. Nilimwita kwa jina lake kamili. Akaja Tolliver.

Si mara ya kwanza. Ni miaka sasa. Sauti ninayo, kikohozi ninacho, jinsi alivyopanda ngazi kwa kuruka ya tatu ninayo. Uso sina. Nilipoanza kuandika maombi nilisema ni kwa ajili ya Dolores, kabla hajafa. Hiyo ni hoja nzuri na niliiweka ukurasa wa kwanza. Siyo hoja yenyewe.


Ijumaa, 6 Machi

Jibu limefika. Barua ya mistari kumi na mmoja, sahihi ya Bi. K. Ostrander wa idara ya ubunifu. Imeandikwa kwa adabu. Sikupata kosa la kulipigia mstari isipokuwa moja.

Anasema wamefurahi mno kusikia kutoka kwa familia. Anasema kadi namba 412 ni miongoni mwa makosa yanayopendwa zaidi na wakusanyaji, hata lina jina: wanaliita Kosa la Hruska. Kwa hiyo katika seti ya mwaka huu wameliadhimisha. Namba 412 amepewa mtupaji mchanga, na katika baadhi ya kadi hizo, moja katika pakiti mamia kadhaa, jina ni la huyo mtupaji na uso ni wa mwenzake. Makusudi. Kwa heshima.

Ama kuhusu ombi langu, wamefungua bahasha ya Hruska katika ghala. Imo picha moja tu, ile iliyokwisha kutumika. Nyingine haipo. Wanasikitika.

Niliisoma nikiwa nimesimama, na koti nikiwa nalo.

Kosa la Hruska. Watu wazima wanararua pakiti kulitafuta. Wakilipata wanapiga kelele kwa furaha.


Jumamosi, 7 Machi

Sikutoka. Sikula mpaka jioni. Kabichi na tambi za juzi, baridi, kutoka sufuriani.


Jumanne, 10 Machi

Kwa kuwa daftari hili halina msomaji, niandike lile ambalo sikuliandika.

Kampuni haikukosea.

Ilikuwa Machi 1964, kambi ya mazoezi, Florida. Mpiga picha wa kampuni alikuja na orodha ya majina mkononi. Wakongwe aliwajua, wageni hakuwajua. Alikuwa akiwavua kofia na kuwaambia watazame juu, angani, kwa sababu mchezaji akiuzwa kwa timu nyingine baadaye, kofia ya zamani itaiharibu kadi. Basi walisimama foleni wageni hao, vichwa wazi, kila mmoja sawa na mwenzake. Alipoita Hruska, akatoka Tolliver. Alipoita Tolliver, akatoka Leonard.

Mzaha. Ulikuwa ndio mzaha wao pale kambini. Wengine waliotupa kwa mkono wa kulia walipigwa picha kama watupaji wa kushoto. Nani alijali? Kila kijana aliyesimama katika foleni ile alijiona na kadi kumi mbele yake.

Mimi nilikuwa jeshini Ujerumani. Niliporudi mwaka 1965 kadi ilikuwa tayari kiooni, na Leonard alinisimulia jikoni, akicheka hata akalishika beseni la kuoshea vyombo ili asianguke. Tolliver, alisema, ana uso wa mtu anayesikiliza hotuba ya mazishi. Alibana mdomo mwenyewe ili kumwiga vizuri mbele ya kamera. Mama hakucheka. Mama alisema jina ni letu, basi, na akaendelea kukanda unga.

"Mwaka kesho watanipiga tena," Leonard alimwambia.

Bega la kulia, la mkono wa kutupia, lilikuwa limekwisha kuharibika. Alikuwa anajua. Nami nilijua, kwa namna alivyoshika beseni kwa mkono wa kushoto.

Katika ombi langu nimeandika "kosa la kampuni" mara nne. Nimezihesabu leo katika nakala yangu. Mimi, niliyemrudishia katibu wa baraza barua yake kwa sababu ya neno moja lisilo la kweli.

Na linafuata jambo hili, ambalo sikulala kwa ajili yake. Ikiwa uso wa Tolliver uliwekwa katika bahasha ya Leonard, basi uso wa Leonard uliwekwa katika bahasha ya Tolliver. Tolliver hakutolewa kadi. Bahasha yake haijawahi kuwa na sababu ya kufunguliwa.

Yumo. Miaka hamsini na mmoja yumo gizani chini ya jina la mtu mwingine. Na ili wamtoe inanibidi niandike, kwa mkono wangu, kwamba kaka yangu alijifuta mwenyewe kwa kucheka, na kwamba mimi nilimsingizia mwingine.


Alhamisi, 12 Machi

Ombi la pili limetumwa, na kisa cha foleni ile kimo chote. Ukurasa mmoja. "Ninaondoa shutuma zote nilizozitoa katika ombi langu la awali, na ninaomba radhi bila masharti." Sentensi iliyonyooka. Nimeiandika mara saba.


Jumatano, 25 Machi

Simu! Saa nane mchana, Bi. Ostrander mwenyewe. Sauti ya msichana. Nilisimama kuzungumza naye, na baada ya muda nikakaa.

Alisema nimeifurahisha ofisi nzima. Aliisoma barua yangu kwa sauti, wakakusanyika, mmoja alicheka mpaka akatoka nje. Hakusema kwa ubaya. Alisema ndiyo hadithi bora waliyowahi kupata kuhusu seti ile, na kwamba nusu karne watu wamebishana mtandaoni nani alikosea.

Nilimuuliza kuhusu bahasha.

Wameipata. R. Tolliver. Imo filamu moja, kipande kimoja. Wataichapa na kunitumia nakala. Nao wana azimio: katika toleo la pili, wakati wa vuli, watatoa kadi mbili pamoja, Hruska wa kosa na Hruska wa kweli, na nyuma kichekesho cha kuchora, kama zilivyokuwa za zamani — vijana wawili wakibadilishana vichwa. Nilisema vichwa ni neno kali. Akaandika mahali kwamba ni vichwa au kofia, wataangalia.

Kuna sharti. Wanasheria wanataka sahihi ya ndugu wa karibu, kwamba aliyemo pichani ni Leonard Hruska. Ifike kwa faksi kabla ya ofisi kufungwa, Ijumaa tarehe kumi Aprili. Bila sahihi hawawezi, na itabaki kadi ya kosa peke yake.

Nilimwomba anieleze anavyoonekana. Nilisikia karatasi.

"Ni kijana, bwana Hruska. Anatazama juu."


Jumanne, 31 Machi

Posta: bili ya gesi. Tangazo la viatu.


Alhamisi, 2 Aprili

Imefika. Bahasha ngumu, imeandikwa isikunjwe, picha na fomu ya sahihi zimo ndani.

Nilinawa mikono. Nilibadilisha miwani. Nilifuta meza, kisha nikaifuta tena kwa kitambaa kikavu. Nilivuta kiti upande wa dirishani. Nikaitoa picha.

Kijana. Nywele fupi za kijeshi. Uso mrefu, mdomo umebanwa, macho yanatazama juu na pembeni kama anayesoma saa ya kanisa. Nyuma yake anga tupu. Hana kofia, na namba ya jezi haionekani.

Nilingoja. Sijui kuandika vinginevyo: nilingoja kama mtu anayesimama kituoni, treni imefika, abiria wanashuka, na yeye anatazama kila uso. Nilikaa pale mpaka mwanga ukahama mezani. Hakushuka mtu ninayemjua.

Pua imenyooka. Ya Leonard ilivunjika kiwandani mwaka 1968, na ni ile iliyovunjika ninayoikumbuka, au ninayokumbuka kwamba ilikuwepo. Sikuwapo mwaka 1964. Sikumwona akiwa na miaka ishirini na mitatu. Hoja hizo ni halali. Lakini mtu hapaswi kuhitaji hoja kumtambua kaka yake.

Jambo jingine. Leonard hakuwa na uso wa kununa hata alipolala. Huyu amenuna. Ikiwa ni yeye, basi amembeba Tolliver usoni: anasikiliza hotuba ya mazishi. Picha yake moja ya kweli, na ndani yake anamwiga mtu mwingine.

Na ikiwa siye? Foleni ilikuwa ya watu wengi. Waliobadilishana wawili, wangeshindwa kubadilishana watatu?


Jumamosi, 4 Aprili

Nimempelekea Dolores mkate wa Pasaka uliobarikiwa, mayai na soseji. Alikuwa amevaa sweta la buluu. Leo yumo, nilisema moyoni. Aliuliza theluji imeisha mlangoni kwangu? Aliuliza nimekunywa dawa?

Nikampa picha. Sikumwambia ni nani. Nilitaka ushahidi usio na mwongozo. Aliiweka karibu na macho, akaisogeza mbali, akaielekeza dirishani. Aliitazama kwa makini kuliko nilivyotarajia, nami nikashika ukingo wa kitanda.

"Kijana wa nani huyu?"

Nikasema ndilo ninalomuuliza, dada.

Akaitazama tena. Akaniambia ana adabu, inaonekana amelelewa. Kisha akanirudishia.

"Mwambie akae asubiri. Leonard atakuja sasa hivi."

Akafungua kitabu cha sala kuhakikisha.


Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Wakati wa sala sikufumba macho.


Jumanne, 7 Aprili

Dukani kwa Bi. Shawna. Nilikuwa nimekusudia kutomwonyesha, nikamwonyesha. Aliwaondoa vijana wawili kaunta kwa kuwaambia waende wakanunue soda, akaiweka picha chini ya taa yake ya kukagulia kadi, akavaa lenzi ile ya jicho moja. Kisha akaniamuru nisimame hapo, nivue kofia, nitazame juu.

Nilisita. Nikavua. Nikatazama dari ya benki, ambayo ina ufa.

Alinitazama, akaitazama picha, akanitazama tena. Kisha akasema ni masikio. Masikio ni yangu, hasa la kulia, lile linalosimama mbali na kichwa kama mlango uliosahauliwa wazi. Nilijitazama katika kioo cha kabati lake. Masikio ya mzee ni makubwa kuliko aliyopewa na mama yake. Hayafai kuwa ushahidi. Nilimwambia hivyo.

"Tia sahihi, mzee wangu. Nani atabisha? Waliomjua wamebaki wangapi?"

Nikahesabu. Wawili. Mmoja anasema si yeye, na mwingine hajui.

Akasema basi mimi ndiye mtu wa kwanza katika historia ya Johnstown kuletewa karatasi iliyo tayari nikakataa kuitia sahihi, yeye aliyefikiri ninatia sahihi hata kwenye risiti za mkate. Nilicheka kidogo. Alipoona nimecheka akaacha kucheka yeye. Alinifungia picha ndani ya jalada gumu la plastiki, lile wanalowekea kadi za bei, asitake malipo. Akasema, bila kunitazama, kwamba huko mtandaoni wameshaanza kuulizana kuhusu uso wa kweli. Ostrander wangu hakuweza kunyamaza. Watu wanasubiri.

Watu wanasubiri! Miaka thelathini na minane nimesubiri mimi peke yangu.


Ijumaa, 10 Aprili

Saa tisa alasiri. Fomu iko mbele yangu. Mashine ya faksi iko maktabani, mwendo wa dakika kumi na mbili. Ofisi yao inafungwa saa kumi na moja.

"Mimi niliyetia sahihi hapa chini ninathibitisha, kwa ujuzi wangu mwenyewe, kwamba mtu anayeonekana katika picha iliyoambatishwa ni marehemu Leonard Hruska." Ni sentensi iliyojengwa vizuri. Nimeitafutia mlango wa kutokea tangu Alhamisi ya wiki jana. Ningeweza kupita kama wangeandika "kwa kadiri ya imani yangu." Wameandika ujuzi. Niliwapigia Jumatano kuomba neno libadilishwe. Bi. Ostrander aliuliza, akarudi, akasema wanasheria wamekataa, na kwamba yeye binafsi anasikitika. Akauliza kwa sauti ya chini kama kuna tatizo. Nilijibu kwamba ni suala la lugha.

Nikiacha kutia sahihi, kijana huyu anarudi gizani katika bahasha ya Tolliver, na Tolliver anabaki na jina letu milele, sasa kwa heshima na shangwe. Nikitia sahihi naye siye, nitakuwa nimerudia mzaha uleule wa Florida, ila safari hii hakuna anayecheka, na hakuna mwaka kesho. Nikitia sahihi naye ndiye, nitakuwa nimesema kweli bila kuijua, na hiyo nayo ni namna ya uongo.

Nimejaribu hivi: nimeziba mdomo wake kwa kidole, ili kuondoa kule kununa kwa Tolliver, nikabakiza macho. Kwa muda mfupi — sithubutu kuandika. Nilipoondoa kidole palikuwa pamekwisha.

Simu imelia mara moja. Sikuipokea. Imelia tena, mara nyingi, ikanyamaza.

Saa kumi kasorobo. Nimevaa koti. Nimekaa tena na koti. Ofisi zote nilizoziomba zimekwisha kujibu, imebaki moja, na kwa kuwa sijawahi kuiandikia, naandika sasa.

Kwa Leonard Hruska, mtupaji.

Kaka yangu mheshimiwa,

Salamu. Samahani kwa kuchelewa. Mbele yangu kuna picha iliyopigwa Machi 1964, ikionyesha kijana asiye na kofia akitazama juu. Mama hayupo wa kumuuliza. Dolores anakungoja wewe mwingine. Mimi nimekitazama kila kipande cha uso huu kwa siku nane, na aibu yangu ni hii, kwamba sikujui. Kama ni wewe, acha kumwiga Tolliver hata kidogo tu. Cheka, kama ulivyocheka jikoni, nami nitakwenda maktabani mbio kwa miguu hii. Kama si wewe, niambie, niirudishe.

Ni saa kumi na dakika kumi. Ninaomba uamuzi wako.